Nani Anavuta Zaidi: Mpagazi, Garimoshi, Mkokoteni au ATV?

Haya wasomaji, leo naweka kompyuta kando kidogo. Nimeombwa kupiga hesabu, na hesabu yenyewe imenipeleka mpaka enzi za misafara ya wapagazi.

Ilianza hivi. Binamu yangu anaishi Kawangware, upande wa Kongo. Yeye na wenzake kumi na mmoja wana chama. Nusu yao ni wa Kawangware, nusu ni wa Kibera. Kazi yao ni mikokoteni: maji, mbao, magunia ya viazi, na vyombo vya watu wanaohama nyumba. Wamechanga kwa miaka miwili, na sasa kuna mtu mwenye shamba nje ya mji anayeuza ATV yake, yaani ile pikipiki ya magurudumu manne ya kazi za shambani. Muuzaji amewaambia kwamba inavuta kilo 600. Chama kikagawanyika. Wengine wanataka kununua kesho asubuhi, wengine wanaogopa. Binamu akanipigia simu. "Wewe si ulisomea kompyuta? Tupigie hesabu basi."

Kompyuta na kuvuta mizigo ni vitu viwili tofauti, lakini pesa za watu kumi na wawili si mchezo. Nikakaa chini na karatasi.

Tuanze na mpagazi

Kabla ya reli, mzigo uliotoka pwani kwenda bara ulibebwa na watu. Wanyamwezi walisifika sana kwa kazi hiyo, na Waswahili wa pwani vilevile. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, na frasila moja ni karibu kilo 16. Kwa hiyo mtu alibeba kama kilo 30, ukiacha chakula na vitu vyake mwenyewe.

Kwa nini hawakutumia wanyama? Sababu kubwa ni mbung'o. Ng'ombe, farasi na punda waliopitishwa kwenye maeneo yenye mbung'o waliugua na kufa. Na kwa nini hawakutumia magurudumu? Kwa sababu gurudumu bila barabara ni mzigo mwingine wa kubeba. Njia za misafara zilikuwa vijia vya watu kupita mmoja nyuma ya mwingine.

Andikeni namba ya kwanza basi. Mtu wa kilo 65 anabeba kilo 30. Mzigo ni karibu nusu ya uzito wake.

Msidhani mambo hayo yaliisha na karne ya 19. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918, Waingereza walikusanya watu wa Afrika Mashariki kwa malaki ili wabebe chakula na risasi za jeshi. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa na si kwa risasi. Jina hilo lilibaki midomoni mwa watu: hapa Nairobi tuna Kariokor, na Dar es Salaam wana Kariakoo. Kila ukishuka stejini Kariokor unataja jina la watu waliotumiwa kama malori.

Gurudumu juu ya chuma

Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala pwani, IBEA, ilianza kujenga kijireli chembamba kutoka Mombasa. Hakikufika mbali, kikaachwa. Reli zake hazikutupwa, zilitumika kutengeneza njia za troli mjini Mombasa. Troli zilikuwa vigari vidogo vyenye viti, vikisukumwa na watu juu ya reli kati ya mji wa kale na Kilindini, na ziliendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920. Hapakuwa na injini. Nguvu ilikuwa ileile ya mpagazi, miguu miwili na kifua, lakini mtu yule aliyebeba kilo 30 kichwani sasa aliweza kusukuma gari lenye abiria na kukimbia nalo.

Kilichobadilika ni kitu kilicho chini ya mzigo. Mtu mwenyewe alikuwa yuleyule.

Reli kubwa ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika hapa Nairobi mwezi Mei 1899, ikafika Kisumu Desemba 1901. Upana kati ya vyuma viwili ni mita moja. Ukitaka kuona reli hiyo ilifikia wapi kwa nguvu, nenda Makumbusho ya Reli karibu na stesheni ya Nairobi. Pale lipo garimoshi namba 5918, jina lake Mount Gelai. Ni moja kati ya magarimoshi 34 ya aina ya 59 yaliyotengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, na yalipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hakuna garimoshi la mvuke la reli ya mita moja lililoyashinda kwa nguvu.

Uzito wake ni karibu tani 250. Nguvu yake ya kuvuta ni paundi 83,350, ambazo ni karibu tani 38. Liliweza kupanda mwinuko wa mita moja na nusu kwa kila mita 100 huku likivuta treni ya tani 1,200.

Hapa ndipo nilipopata jibu la kwanza la swali la binamu. Kwa nini garimoshi la tani 250 lina nguvu ya tani 38 tu? Kwa nini wasingeliwekea mvuke zaidi livute tani 100? Kwa sababu magurudumu yangeteleza. Gurudumu linaloendeshwa haliwezi kuvuta kuliko vile linavyoshika njia, na kushika kunategemea uzito uliokaa juu yake. Chuma juu ya chuma kinashika kwa karibu robo ya uzito huo. Garimoshi hilo lina magurudumu 16 yanayoendeshwa, yaliyobeba karibu theluthi mbili za uzito wote. Robo ya hapo ni kama tani 42, juu kidogo tu ya hizo tani 38. Waliolibuni walijua kwamba injini kubwa kuliko uzito wake ni hasara tupu.

Andikeni namba ya pili: tani 250 kwa tani 1,200, tena ikipanda mlima. Karibu mara tano ya uzito wake.

Mkokoteni

Sasa turudi nyumbani. Neno mkokoteni limetoka kwenye kukokota, na mjomba yeyote aliyewahi kuifanya kazi hiyo atakuambia neno linafaa kabisa. Mbao, ekseli ya gari kuukuu, magurudumu mawili ya gari, mikono miwili mirefu mbele. Nyuma huning'inizwa kipande cha tairi. Hilo ndilo breki: kwenye mteremko unainua mikono, nyuma inashuka, tairi linasugua barabara.

Tuseme mkokoteni wenyewe una kilo 100 na umebeba mitungi 20 ya maji ya lita 20. Maji hayo ni kilo 400. Jumla kilo 500. Nguvu ya kuusogeza inapatikana hivi:

nguvu = uzito × (ukinzani wa njia + mwinuko)

Ninaposema nguvu ya kilo 10, fikirieni mtu anayevuta ndoo ya kilo 10 kutoka kisimani kwa kamba iliyopita kwenye kapi. Makadirio ya kawaida ya wahandisi kuhusu ukinzani ni kama 0.02 kwenye lami nzuri, 0.04 kwenye murram kavu iliyoshindiliwa, na 0.15 au zaidi kwenye tope. Kwa mkokoteni wetu wa kilo 500 inakuja hivi:

Lami tambarare: kilo 10.
Murram kavu, tambarare: kilo 20.
Lami yenye mwinuko wa mita 5 kwa kila 100: kilo 35.
Tope tambarare: kilo 75.
Tope lenye mwinuko huohuo: kilo 100.

Mtu mwenye afya anaweza kuvuta nguvu ya kilo 10 kwa mwendo wa kutembea kwa muda mrefu. Kwa dakika chache, akijitupa mbele kwa uzito wake wote, anaweza kufika kilo 35 au 40. Zaidi ya hapo viatu vinateleza, kama yale magurudumu ya garimoshi.

Sasa linganisheni. Kwenye lami tambarare mtu wa kilo 65 anakokota kilo 400 za mzigo. Ni zaidi ya mara sita ya uzito wake! Kwa kipimo hicho kijana wa Kawangware amelipita garimoshi la Mount Gelai. Usiniambie ni mlinganisho wa haki, najua lile lilikuwa linapanda mlima. Lakini sasa unaelewa kwa nini mkokoteni haujafa Nairobi pamoja na malori, matatu na pikipiki zote hizi. Kuanzia sokoni Kawangware, kushika Naivasha Road hadi Dagoretti Corner, kisha Ngong Road mpaka Adams Arcade na kuingia Toi, safari ni ya lami. Tatizo ni milima, na ndiyo maana kwenye kila mkokoteni uliojaa utaona mmoja anavuta na mwingine anasukuma.

Kisha unaacha lami. Unaingia Kibera, unateremka kuelekea Gatwekera au Soweto, mwezi wa Aprili, mvua imenyesha siku tatu. Mtu yuleyule na mkokoteni uleule, ila kazi iliyokuwa ya kilo 10 sasa ni ya kilo 75.

Na ATV je?

Pikipiki hizi zilianza Japani. Honda walitoa ya magurudumu matatu mwaka 1970. Suzuki wakatoa ya magurudumu manne mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zile za matatu zilikuwa zikipinduka na kuumiza watu, watoto wakiwemo, mpaka mwaka 1988 watengenezaji walikubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuziuza huko. Wakulima walibaki na za magurudumu manne.

Nimechukua mbili zinazojulikana. Honda Rancher ya cc 420 ina kilo kati ya 240 na 290 kutegemea toleo, na kampuni inaruhusu ivute kilo 385. Yamaha Grizzly ya cc 700 ina kilo kama 314, na inaruhusiwa kuvuta kilo 600. Kwa hiyo namba ya muuzaji inaweza kuwa ya kweli. Lakini mara mbili tu ya uzito wake? Mbona mtu anavuta mara sita?

Sababu ni kwamba namba hiyo haisemi injini inaweza nini. Kwenye lami tambarare kilo 600 ni nguvu ya kilo 12 tu, injini ya cc 700 haitajua hata kama kuna kitu nyuma. Kampuni inafikiria mteremko na breki. Trela la kilo 600 kwenye mteremko wa mita 10 kwa kila 100 linaisukuma ATV kutoka nyuma kwa nguvu ya kilo 60, na trela nyingi za aina hiyo hazina breki. Ukikata kona, mzigo ulio mzito kuliko anayeuvuta unaamua mwenyewe pa kwenda. Garimoshi lilikuwa na breki kwenye mabehewa yote. Mkokoteni una lile tairi la nyuma. Trela la ATV linategemea uzito wa ATV.

Kuna jambo la pili ambalo binamu na wenzake hawakulitazama. Kilo 600 ni pamoja na trela lenyewe. Trela la chuma la kubeba mitungi linaweza kuwa na kilo 150. Zinabaki 450, yaani mitungi kama 22. Mkokoteni ulikuwa na 20! Kwa Honda ya cc 420 zinabaki kilo 235, yaani mitungi 11.

Na topeni? Grizzly na dereva wake ni kama kilo 390. Magurudumu yote manne yanaendeshwa, lakini udongo wa mfinyanzi uliolowa unashika vibaya, tuseme robo ya uzito. Hiyo ni nguvu ya kilo 98 hivi. Trela la kilo 600 kwenye tope la 0.15 linataka kilo 90, na bado ATV haijajivuta yenyewe. Ongeza mwinuko wowote na umekwama, hata uwe na injini ya lori. Tena hapa Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu yake. Lakini hilo ni dogo. Kwenye tope injini siyo inayoshindwa, magurudumu ndiyo yanayoshindwa kushika.

Nisiionee ATV. Matairi yake ni mapana na yana upepo kidogo sana, kwa hiyo haizami kama mkokoteni. Ina mwendo, inaweza kufanya safari tatu wakati mkokoteni unafanya moja. Na haichoshi mgongo wa mtu. Anayesema mkokoteni ni mzuri kwa afya hajawahi kuuvuta kwa miaka kumi. Lakini inakula petroli, inataka vipuri, na ina kiti kimoja. Chama kina watu kumi na wawili. Nilimwuliza binamu, wengine kumi na mmoja watafanya nini siku hiyo? Alinyamaza kidogo, akasema hilo hata mwenyekiti hajalijibu.

Namba zimejipanga vipi?

Mpagazi kwenye kijia: nusu ya uzito wake. ATV kulingana na kampuni: mara mbili. Garimoshi kwenye reli, likipanda: mara tano. Mtu na mkokoteni kwenye lami: mara sita.

Ukizisoma kwa haraka utadhani tunalinganisha mashine. Tunalinganisha njia. Mtu wa mwaka 1890 hakuwa dhaifu kuliko kijana wa leo wa Kawangware. Tofauti ya nusu na sita iko chini ya miguu yao.

Njia nayo ina bei yake, na bei hiyo hailipwi na wote sawasawa. Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi waliotoka Sudan kulitumikia jeshi la Waingereza, na jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Kwa miongo mingi mtaa ukakua bila barabara. Mwaka 2018, mwezi wa Julai, ilipofika zamu ya kujenga barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, matingatinga yalipita katikati ya Kibera na maelfu ya watu wakabaki bila nyumba. Leo mkokoteni unapita pale kwa urahisi. Baadhi ya watu waliokuwa wakinunua maji ya mkokoteni huo hawapo tena.

Hata barabara hiyo haifiki mlangoni. ATV ina upana wa kama mita 1.2. Vichochoro vingi vya Kibera havifiki hapo, na mkokoteni hauingii vilevile. Mzigo unashushwa barabarani, na mtungi wa lita 20 unamaliza safari mgongoni au kichwani mwa mtu, mara nyingi mama, akiruka mtaro. Mtungi huo ni kilo 20. Mpagazi wa msafara alibeba 30. Treni za abiria zinapita Kibera juu ya reli ya mita moja, na hatua chache kutoka relini mtu anabeba mzigo kwa njia ileile ya kabla ya reli kujengwa.

Nimewaambia chama hivi. Msinunue ATV kwa sababu ya zile kilo 600. Kwanza azimeni mizani ya ndoana ya mwenye bucha, ifungeni kati ya kamba na mkokoteni uliojaa, mvute polepole, na msome namba. Fanyeni hivyo kwenye lami, kwenye murram, na kwenye njia yenu ya tope siku ya mvua. Halafu jazeni matairi upepo, tieni beringi mpya na grisi, na mpime tena. Inawezekana sehemu kubwa ya nguvu mnayoitafuta imejificha kwenye ekseli kuukuu. Baada ya hapo, kama bado mnaitaka ile mashine, mwombeni muuzaji aje nayo na trela, muijaze mitungi, muiteremshe Gatwekera ikiwa imelowa. Akikataa, mmeshapata jibu.

Binamu amesema wataanza na beringi. Mwenye bucha wao amekubali kutoa mizani Jumapili jioni, akishafunga. Nami nitakuwepo na daftari.